Jerbera yako inaumwa wapi? Dalili na sababu zake katika bustani za Goma

Jioni moja, jua likikaribia kuzama, jirani yangu aligonga geti akiwa amebeba mkononi mmea mzima wa jerbera, lile ua la bustani la rangi nyingi, mizizi inaning'inia na udongo unamdondokea viatuni.

"Yaya, hii naimwagilia asubuhi na jioni, na bado inakufa. Niongeze na saa sita?"

Niliupokea mmea nikabonyeza kwa kidole gumba pale ambapo majani yote yanatokea. Kidole kilizama kama kwenye avoka iliyoiva kupita kiasi, na harufu ya uozo ikatoka. Moyo wa mmea ulikuwa umekwisha kitambo. Kila ndoo aliyoimwaga kwa upendo ilikuwa inauharakisha kufa.

Nimekuza jerbera hapa Himbi, mtaa wa Goma, kwa zaidi ya miaka kumi, na mimea iliyonifia kwa maji ni mingi kuliko iliyoliwa na wadudu wote ukiwajumlisha. Ndiyo maana hapa tutaanza na moyo wa mmea, tufuate maji yenyewe, na wadudu waje baadaye. Wengi wetu huenda kinyume: jani likijikunja tu, mbio dukani kutafuta dawa.

Kabla ya yote, usiisingizie hali ya hewa. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo ya ikweta, na joto letu la mchana ni lile jerbera inalolipenda, kati ya nyuzi 20 na 26. Ua hili kwao ni Barberton, Afrika Kusini. Jina lake la kisayansi, Gerbera jamesonii, linamkumbuka Robert Jameson aliyeikusanya huko katika miaka ya 1880. Hizi za rangi nyingi tunazopanda leo zimezaliwa kwa kuichanganya na ndugu yake wa porini, Gerbera viridifolia. Kwa hiyo ni mmea wa Afrika, uliozoea jua na ardhi isiyotuamisha maji. Isitoshe, jerbera huchanua vizuri zaidi siku zisipokuwa ndefu mno, na sisi siku zetu ni saa 12 mwaka mzima. Ikikataa kuchanua hapa, kuna kitu inakulalamikia.

Imelegea, na udongo umelowa

Hii ndiyo dalili ya kwanza kuijua, kwa sababu inadanganya. Majani yanalala chini kama ya mmea wenye kiu, wakati mwingine yanabadilika kidogo kuwa ya zambarau, na mkono wako unakwenda wenyewe kwenye ndoo. Uzuie. Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Kama ni baridi na umelowa, weka ndoo chini, kisha ubonyeze moyo wa mmea. Ukiwa mgumu kama karoti, bado kuna matumaini. Ukiwa laini, mweusi au wa kahawia, mmea huo hauponi.

Ung'oe mmoja uangalie mizizi, maana huko ndiko ushahidi uliko. Mizizi yenye afya ni minene, ina rangi ya maziwa, na ukiivuta inakataa kukatika. Iliyooza ni ya kahawia. Ukiipitisha kati ya vidole viwili ganda lake linavuka kama soksi iliyolowa, na mkononi kinabaki kiuzi chembamba cha katikati. Mara nyingi mhusika ni kimelea kiitwacho Phytophthora cryptogea. Kinafanana na kuvu, lakini mbegu zake huogelea: zina mikia, na zinahama mmea hadi mmea kupitia maji yaliyosimama udongoni. Sasa unaelewa kwa nini ugonjwa huu hufuata mstari wa mtaro au sehemu ya chini ya tuta, mmoja leo, wa pili yake wiki ijayo.

Mmea uliofika hapo ung'oe pamoja na udongo unaouzunguka, uutupe mbali na shimo la mboji. Usipande jerbera nyingine mahali hapohapo. Mimi mahali pa hivyo napanda vitunguu au napaacha majani tu. Osha jembe na mikono kabla ya kugusa mmea mwingine, hata kama unaona ni kazi ya bure.

Kisha tafuta kosa lilianzia wapi. Mara nyingi lilianza siku ya kupanda. Sisi tuliolelewa kwenye mashamba ya viazi na maharage tumezoea kupandishia udongo: mmea ukionekana umeinuka, tunaufukia ili usimame. Jerbera haitaki kufukiwa. Moyo wake ukae juu ya udongo kwa sentimita 1 au 2, uonekane, upigwe na hewa. Unapopanda, uweke juu kidogo kuliko unavyoona inafaa, kwa sababu udongo uliochimbuliwa hushuka baada ya mvua mbili tatu, na mvua yenyewe husukuma udongo mwingine kutoka juu. Nina kijiti kifupi cha mwanzi cha kazi hii peke yake. Kila mvua kubwa ikipita, napita kitaluni nikiondoa udongo na majani yaliyojaa kwenye mioyo, moja baada ya nyingine. Dakika ishirini, na imeniokolea mimea kuliko dawa yoyote.

Kosa la pili ni la mji wetu wenyewe. Chini ya viwanja vingi hapa kuna lava. Watu husema jiwe la volkano halishiki maji, na kokoto zake kweli hazishiki. Lakini pale lava ilipotambaa ikaganda kama bamba, kuna mabonde madogo yasiyo na ufa, na ukimwaga juu yake udongo ulioletwa kwa magunia, umetengeneza sinia la maji bila kujua. Kitalu changu cha kwanza kilikuwa hivyo. Juu palionekana pakavu, pazuri, na mimea ikawa inakufa katikati tu, pembeni ikistawi. Siku moja baada ya mvua nilichimba katikati, na kwenye sentimita 30 jembe likagonga jiwe. Maji yakajaa shimoni yakasimama hadi kesho yake. Nilipoteza mimea 18 kabla ya kuchimba hilo shimo moja. Ningelichimba kabla ya kupanda.

Dawa yake ni kupanda juu. Panga mawe ya lava ukuta wa sentimita 30 hadi 40, mawe hayo tunayo bure, kisha jaza udongo sehemu mbili, kokoto laini nyeusi sehemu moja, na mboji iliyoiva kabisa sehemu moja. Maji yapite kati ya mawe yatoke. Kama unapanda kwenye ndoo au beseni, toboa chini matundu yasiyopungua matano, na usikalishe chombo ndani ya sahani yenye maji.

Kumwagilia kwenyewe: asubuhi, chini kwenye udongo, pembeni ya moyo, na pale tu udongo wa juu ukikauka sentimita 2 au 3. Katika masika kuna wiki nzima ambazo mimi simwagilii hata tone.

Kuna kulegea kwingine kusikotisha. Ikilala saa saba mchana na kusimama jioni, na mizizi ni mizuri, ni jua kali tu. Ipe kivuli chepesi cha alasiri au tandaza majani makavu, mbali na moyo. Ikilala na udongo ni mkavu, ni kiu, basi mwagilia. Lakini ikilala kila mchana wakati wenzake wamesimama, na inadumaa, ing'oe uone kama mizizi ina vinundu kama shanga. Hao ni minyoo fundo, na dawa yake ni kubadilisha udongo na kupanda tagetesi, yale maua ya njano yenye harufu kali, hapo kwa msimu mzima kabla ya kurudisha jerbera.

Majani yamekuwa ya njano

Hapa usijibu haraka. Uliza: ni majani yapi?

Jani moja au mawili ya chini kabisa yakiwa ya njano na kukauka, ni uzee. Yavute, endelea na kazi yako. Majani ya chini yote yakififia sawasawa, kijani kikigeuka njano jani zima, mmea una njaa ya naitrojeni. Mboji au mbolea kidogo itairudisha ndani ya wiki mbili tatu. Lakini yakiwa majani mapya, yale ya katikati, ndiyo ya njano, huku mishipa yake imebaki ya kijani kama ramani ya mito, hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Ndilo tatizo linalotuumiza zaidi Goma, na ndilo ninaloona watu wakilitibu kwa kitu kinacholizidisha.

Ilinitokea hivi. Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kirefu, pipa langu la mvua likaisha mwanzoni mwa Juni. Nikawa nalipa vijana wanaoleta maji ya ziwa kwa bidoni, na namwagilia kwa hayo. Kufikia katikati ya Julai majani mapya yakaanza kutoka na rangi ya limau. Nikaongeza samadi. Hakuna. Shangazi akaniambia nitie majivu ya mbabula, kwa kuwa kwao kijijini migomba hupewa majivu ikapendeza. Nikatia. Ndani ya wiki mbili majani mapya yakatoka karibu meupe, na kingo zikaungua. Nilikata tamaa nikaiacha. Mvua za Septemba zikaja, zikanyesha mfululizo, na kwenye mimea ileile niliyokuwa nimeiacha, jani lililofuata likatoka kijani. Lile la baadaye kijani zaidi. Sikuwa nimeweka kitu chochote. Nilikaa pale kwenye ukuta wa mawe nikiliangalia hilo jani, nikaelewa kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye bidoni zangu.

Maji ya Ziwa Kivu yana magadi. Chemchemi zinazoingia chini ya ziwa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba chumvi zake, na maji ya juu yana pH ya karibu 9 (pH ni kipimo: chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni magadi). Jerbera inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH kati ya 5.5 na 6.5. Maji ya bomba ya mji nayo yanavutwa kutoka ziwa hilohilo, kwa hiyo kuhama kutoka ziwani kwenda bombani hakubadilishi kitu. Ukimwagilia kwa miezi, magadi yanajikusanya udongoni. Utayaona kama unga mweupe kwenye ukingo wa chungu. Na udongo ukishakuwa wa magadi, chuma kinajifunga. Kipo, tena kingi, hili jiwe jeusi tunalolikanyaga limejaa chuma, lakini kimegeuka kutu ambayo mzizi hauwezi kuinywa. Mmea unakufa njaa ukiwa umekaa juu ya ghala.

Ndiyo maana majivu ni sumu kwa jerbera ya Goma: majivu ni magadi mengine juu ya magadi. Yapeleke kwenye migomba na sukuma wiki. Ndiyo maana pia misumari yenye kutu inayofukiwa na wazee wetu haisaidii, kwa kuwa inaongeza kutu ileile isiyonyweka.

Kinachosaidia ni maji ya mvua. Tega mabati, weka pipa, na ukiwa na kidogo, wape jerbera kwanza. Mboga nyingi huvumilia maji ya ziwa kuliko wao. Kiangazi kikibana, changanya nusu kwa nusu. Mara moja kwa mwezi, ukipata mvua ya kutosha, mwaga maji ya mvua kwa wingi hadi yatoke chini ya kitalu, yaoshe chumvi. Maganda ya kahawa yaliyooza vizuri, ambayo Kivu hatuyakosi, nayachanganya kwenye udongo kila ninapotengeneza tuta jipya. Yanalegeza udongo na kulisha mmea.

Kama mmea umeshafika pabaya na harusi iko karibu, kuna chuma cha kunywesha kinachouzwa kwenye maduka ya pembejeo, chuma kilichofungwa kwenye keleti, kemikali inayokishikilia ili kisigeuke kutu. Soma lebo kwa makini, kwa sababu si zote zinatufaa. Iliyoandikwa EDTA huanza kushindwa udongo ukipita pH 6.5. Iliyoandikwa EDDHA, unga wa rangi nyekundu iliyokolea, hufanya kazi hata kwenye magadi. Ni ghali zaidi na kidogo chake kinatosha. Fuata kipimo cha lebo, mwaga udongoni, na usihukumu kwa majani ya zamani. Yale hayarudi kijani. Angalia jani linalozaliwa.

Kwa msomaji wa Bukavu neno moja. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa milima yenu mara nyingi ni mchachu, kinyume na wetu. Kwenu jerbera inaweza kuonyesha madoadoa meusi kwenye majani ya chini, kwa sababu uchachu ukizidi, chuma na manganizi hupatikana kupita kiasi. Hapo majivu machache au chokaa kidogo ni tiba ya kweli. Usichukue ushauri wa Goma ukaupanda Bukavu bila kuangalia udongo, nami nisichukue wako.

Ncha na kingo za majani zimeungua

Kwanza fikiria chumvi: mbolea ya dukani iliyomwagwa kwenye udongo mkavu, samadi mbichi ya mbuzi au kuku, au yale maji ya ziwa. Osha udongo kwa maji ya mvua na upumzishe mbolea mwezi mmoja.

Kisha inua macho uangalie mlima. Moshi wa Nyiragongo, volkano yetu, una gesi zenye asidi, na ndani yake kuna floridi. Jerbera ni miongoni mwa maua yasiyovumilia floridi. Upepo mara nyingi huusukuma moshi kuelekea magharibi, kwa hiyo jamaa wa upande wa Rusayo na Sake wanaujua mzigo huu kuliko sisi wa kando ya ziwa. Mei 2021, baada ya volkano kulipuka tarehe 22, majivu yalianguka mjini. Tuliporudi nyumbani nilikuta kitalu kimekuwa cha kijivu, na kila jani lililoshika majivu lilikuwa limeungua kuanzia nchani kama karatasi iliyopitishwa motoni. Iliyokuwa chini ya bati haikuguswa. Majivu yakianguka, pukuta majani yakiwa makavu, kisha yaoshe kwa maji safi mengi. Na usikinge maji ya kwanza ya mvua inayofuata; acha mabati yaoshwe, robo saa hivi, ndipo uelekeze bomba kwenye pipa.

Majani mengi, maua hakuna

Mtu akiniambia jerbera yake ni kubwa kama kabichi lakini haichanui, namuuliza imepandwa wapi. Jibu karibu kila mara ni chini ya mparachichi, au nyuma ya ukuta wa mawe wa jirani. Inataka kupigwa na jua kwa muda usiopungua saa sita kwa siku. Kivuli kinatoa majani marefu yenye mabua mepesi yanayotafuta mwanga, na ua likitoka shina lake linapinda.

Akisema jua lipo, namuuliza analisha nini. Samadi nyingi au yurea humpa majani. Kwa maua mmea unahitaji potasiamu zaidi. Tumia mbolea ambayo kati ya tarakimu tatu za kwenye mfuko, ya tatu (potasiamu) ni kubwa kuliko ya kwanza (naitrojeni), kidogo kidogo kila wiki mbili, baada ya kumwagilia na si kabla.

Sababu ya tatu haizungumzwi sana: msongamano katika moyo. Jerbera ya miaka mitatu inakuwa imezaa mioyo mitano sita iliyobanana, na vichipukizi vya maua havipati mwanga kule ndani. Punguza majani ya zamani, matatu manne kwa mara moja, ukiyavuta kutoka chini kabisa. Kisha mwanzoni mwa mvua chimbua shina zima, ulitenganishe kwa kisu kisafi, kila kipande kibaki na mizizi yake na majani kadhaa. Hivi ndivyo pia utakavyoongeza rangi unayoipenda. Mbegu za ua lako mwenyewe hazitakupa rangi ileile, kwa sababu ni chotara. Na mbegu ya jerbera haikai, ikipita miezi michache nyingi hazioti. Aliyepanda kwa mbegu awe na subira: wiki 14 hadi 18 kabla ya ua la kwanza ni jambo la kawaida.

Ua limepinda, petali ni fupi upande mmoja

Wahalifu ni wawili, na dawa zao si moja. Chukua karatasi nyeupe, pindua ua juu yake, ulipige kidogo kwa kidole. Wakidondoka vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi vinavyokimbia, ni vithiripi. Alama zao ni michirizi ya rangi ya fedha kwenye petali na chavua iliyomwagika ovyo. Ng'oa maua yote yaliyofunguka, hata yale mazuri, uyatie kwenye mfuko ufunge, kwa sababu ndimo wanamozaana. Halafu nyunyiza maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, jioni, mara tatu kila baada ya siku nne au tano. Jaribu kwanza kwenye jani moja usubiri siku mbili.

Kama karatasi haina kitu, lakini majani machanga yamekuwa magumu, mazito, yanang'aa kidogo na kujikunja kingo zake kuelekea chini, shuku utitiri mpana. Macho hayawezi kumwona. Anaishi moyoni mwa mmea na kuharibu ua kabla halijazaliwa. Sabuni haimfikii vizuri. Salfa ya unga inayochanganyika na maji humpata, ikinyunyizwa asubuhi mapema au jioni, kamwe si kwenye jua kali, wala karibu na siku uliyotumia dawa ya mafuta. Mmea uliojikunja wote bora uung'oe kabla haujaambukiza mstari.

Wa kiangazi ni utitiri mwekundu: majani yanapata vidoadoa vya njano na utando mwembamba chini. Vumbi la barabara zetu linamsaidia. Osha majani upande wa chini kwa maji, asubuhi, siku tatu mfululizo.

Naomba unisikilize hapa kwa moyo wote. Sokoni utauziwa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, haina lebo, haina jina, na muuzaji atakuambia inaua kila kitu. Usiinunue. Hujui kipimo chake, hujui itakaa siku ngapi kwenye ua ambalo bibi harusi atalishika na mtoto atalinusa. Na chupa ya soda ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari ambayo hakuna ua linaloifaa.

Unga, ukungu, michoro

Unga mweupe juu ya jani, kama umenyunyiziwa unga wa muhogo, ni ukungu wa kiangazi na usiku wa baridi. Toa majani yaliyoshikwa, weka mimea sentimita 30 hadi 40 mmoja na mwingine, na salfa ileile inafaa. Manyoya ya kijivu kwenye petali na vichipukizi ni ukungu wa masika, uitwao Botrytis; huyo anafuata unyevu na maua yaliyozeeka, kwa hiyo usiache ua lililonyauka liozee kwenye mmea. Michoro myeupe inayozunguka ndani ya jani kama njia ya konokono ni buu la nzi mdogo. Chuma jani, liponde. Nzi weupe wanaoruka ukigusa majani wanaondoka kwa sabuni. Matundu makubwa na utelezi ni koa, na ukuta wetu wa lava ni nyumba yao. Toka na tochi saa mbili usiku baada ya mvua, uwaokote kwa mkono.

Shingo inavunjika chomboni

Unalichuma Ijumaa limesimama, Jumamosi kanisani limeinamisha kichwa. Kuna sababu tatu, na zote zinatibika.

Umelichuma changa. Ua la jerbera ni maua mamia yaliyokaa pamoja. Jicho la katikati hufunguka kwa mizunguko kutoka nje kwenda ndani. Subiri mizunguko miwili ya nje ya jicho ionyeshe chavua. Kabla ya hapo shingo haijakomaa, na hakuna maji yatakayoisimamisha.

Maji ni machafu au ni mengi. Bua lina manyoya laini na huoza haraka, bakteria huziba njia za maji, na kichwa kinakosa kunywa. Osha chombo kwa sabuni, weka maji ya sentimita 5 hadi 8 tu, tia Javel, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, matone 10 kwa lita, usizidishe maana bua litaungua. Badilisha maji kila siku mbili. Hapa pia, maji yaliyokingwa mlima ukiwa umetanda moshi yaache kando. Floridi huunguza petali zikiwa chomboni kama inavyounguza majani kitaluni.

Na ya tatu ni namna ya kuchuma. Ukikata kwa kisu, kisiki kinachobaki kinaoza, na uozo unashuka hadi kwenye moyo, tukarudi kwenye mmea wa jirani yangu. Shika bua chini kabisa, lizungushe kidogo, ulivute kuelekea pembeni hadi liachie lenyewe. Litatoka na kisigino kigumu, cheupe au chekundu kidogo. Hicho kisigino hakinywi maji, kwa hiyo kabla ya kuliweka chomboni kikate, sentimita 2 au 3 juu yake, kwa mshazari.